Mzee aliniahidi bunduki yake, sasa mjane wake ananiuliza ina thamani gani

Barua ya msomaji

Mpendwa Mshauri,

Natumaini u mzima. Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa miaka mingi bila kuandika hata mstari. Leo naandika kwa sababu jambo lililonikuta siwezi kumweleza mtu yeyote wa klabuni bila habari kusambaa.

Mimi ni mkusanyaji wa bunduki za kale za shabaha. Za vita sina, za kuwindia sina. Nakusanya zile zilizoundwa kwa kazi moja tu: kutoboa karatasi mahali palepale, risasi baada ya risasi. Mke wangu huyavumilia mapenzi haya kwa masharti kwamba kabati la chuma lisikaribie chumba cha kulala na kila kibali kiwe mahali pake.

Aliyeniingiza humu ni mzee mmoja wa klabu yetu. Nilimkuta nikiwa kijana ambaye mkono ulitetemeka kila niliposimama mstarini. Alinifundisha kupumua, halafu akanifundisha kutazama. Kwake nilijua kwamba Winchester 52, ambayo watu waliiona kwanza kwenye mashindano ya kitaifa ya Marekani mwaka 1919 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1980, husomwa kwenye namba yake: za awali hazina herufi, zilizofuata zikaongezewa A, B, C, kisha D. Kwake nilijua pia kwamba ukishika BSA Martini, bunduki ya shabaha ya Kiingereza, macho yaanzie kwenye vilengeo, kwa kuwa vile vya asili vya kampuni ya Parker-Hale mara nyingi vilishang'olewa na kuuzwa kando, na mwenye bunduki akafunga chochote alichopata. Alikuwa akinipa bunduki mkononi, ananyamaza, ananiacha nihangaike nayo mpaka niseme mwenyewe kasoro iko wapi.

Mzee amefariki. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba.

Msiba ulipotulia, mjane wake aliniita. Mimi humwita Mama, naye huniita mwanangu, na si kwa adabu tu. Nimekula kwake mara nyingi kuliko kwa shangazi zangu. Akanifungulia kabati la Mzee akaniambia: “Mwanangu, wewe ndiye mliyekuwa mkielewana naye kwenye haya machuma. Niambie kipi kina thamani na kipi hakina, nijue la kufanya.” Mpwa wake ameshamletea mnunuzi ambaye yuko tayari kuchukua vyote kwa mkupuo, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama alikuwa ametanguliza mbele ile anayoiona ya maana: Anschütz, bunduki ya shabaha ya Kijerumani, yenye kitako cha kurekebishwa, inang’aa, imetunzwa. Nyuma kabisa, imeegemea pembeni, ilikuwepo ile ninayokuandikia. Mwili wake ni wa Ballard, aina ya bunduki ya zamani iliyotengenezwa na kampuni ya Marlin, yaani chuma cha kabla ya mwaka 1900. Mtutu ni mnene na mzito, kitako kina pembe mbili za kukumbatia bega, na chini yake kuna kishikio cha kiganja. Ni bunduki ya kupiga umesimama, umbali wa yadi 200, ambazo ni kama mita 183, kwa mtindo ambao Wajerumani waliohamia Marekani walikwenda nao na kuuanzishia klabu zao. Na juu ya mtutu, pamoja na namba, kuna mhuri: H. M. POPE.

Wewe huenda unalijua jina hilo, ila kwa wasomaji wako niseme kidogo. Harry Pope alikuwa fundi wa mitutu, na wengi wetu hatuoni wa kumlinganisha naye. Alifanyia kazi yake Hartford, Marekani, mwaka 1901 akajiunga na kampuni ya bunduki ya Stevens, na baadaye akahamia San Francisco, ambako karakana yake mpya iliangamia katika tetemeko la Aprili 1906. Akaanza upya, akaishia Jersey City, akachonga mitutu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1950. Mifuo aliyochonga ndani ya mtutu ilikuwa minane, inazunguka kuelekea kushoto, na mzunguko unazidi kukaza kadiri unavyokaribia mdomoni.

Mama aliiita “ile kuukuu”. Alisema mnunuzi anaweza kupewa kama nyongeza.

Halafu kuna kopo. Lilikuwa chini ya meza ya karakana, limejaa skrubu na vipande vya shaba, na Mama alikuwa amelitenga na vitu vya kutupa. Nilipoinama kuchungulia nikaona ndani yake kipande kifupi cha mtutu, kirefu kama kidole, chenye pini zinazochomoza upande mmoja. Ni mdomo bandia wa bunduki ile. Pope alikuwa akikata kipande hicho kutoka ncha ya mtutu uleule. Mpigaji hukichomeka mdomoni, hupitishia kichwa cha risasi hapo na kukishindilia kutoka mbele kwenda chini, kisha ganda lenye baruti huingizwa kwa nyuma. Kwa njia hiyo kitako cha risasi hubaki safi, hakikwaruzwi. Kipande cha bunduki nyingine hakifai. Ukikipoteza, bunduki ya Pope imepoteza nusu ya nafsi yake.

Sasa ndipo penye uzito. Wakati mmoja tukiwa tumekaa nje ya uwanja wa shabaha, wawili tu, Mzee aliniambia: “Nikiondoka mimi, ile ya Pope ijue njia ya kwako.” Sikumjibu. Niliona aibu kuzungumzia kifo chake. Hakuandika popote, na hakuna aliyesikia.

Mke wangu anasema haombwi mjane kitu, hata kama ni changu, ahadi ya mdomo imezikwa na mwenye mdomo. Rafiki yangu ambaye naye ni mkusanyaji, niliyemuuliza kwa mafumbo, anasema ninunue “ile kuukuu” kwa bei ya kuukuu, maana mwenyewe aliniahidi, na Mama hatapungukiwa na kitu ambacho hakujua anacho. Mimi nilimwomba Mama anipe muda nirudi niangalie vizuri mchana. Ananisubiri.

Nikimwambia thamani yake, nitaikosa, kwa sababu fedha ya kuinunua kwa bei yake halisi sina. Nikimwambia ahadi, nitaonekana nimekuja na mkono ulionyooshwa. Nikinyamaza, sijui nitaishikaje mkononi. Nisaidie kufikiri.

*Mwanafunzi wa Mzee*

Mshauri anajibu

Ndugu yangu Mwanafunzi wa Mzee,

Pole sana. Kabla ya bunduki kuna msiba, na barua yako yote ina majonzi ndani yake hata pale unapoeleza mifuo na pini. Umempoteza mtu aliyekupa macho. Nadhani sehemu ya uzito unaousikia inatoka huko, na haitaondoka siku suala la bunduki litakapokwisha, kwa hiyo usiidai bunduki ikufanyie kazi hiyo.

Nikirudia kwa maneno yangu, naona umebeba vitu vitatu ambavyo vimejifunga pamoja. Mama amekuuliza swali la ujuzi: kipi kina thamani. Mzee alikuachia neno ambalo hakuna mwingine anayelijua. Na wewe mwenyewe unaitaka bunduki ile. Kila kimoja peke yake kingekuwa chepesi. Kama ungekuwa huitaki, ungejibu swali la Mama siku ileile. Kama kusingekuwa na ahadi, ungeweza kutoa bei yako kama mnunuzi mwingine yeyote. Kama Mama asingekuuliza, ungeweza kumweleza ahadi bila mtu kukushuku. Vimekuja vyote kwa wakati mmoja, kwa mtu aliye katika majonzi, na mnunuzi anahesabu siku. Kumwomba Mama muda ulikuwa ni uungwana, na muda huo bado unao.

Yapo mambo mawili ambayo nadhani hayangoji uamuzi wako, na ningependa tuyaweke kando kwanza.

La kwanza ni lile kopo. Lolote utakaloamua, au atakaloamua Mama, mdomo bandia usitupwe. Kumwambia “Mama, hiki ni kiungo cha bunduki ile, naomba tukiweke pamoja nayo” hakukufungi kwa lolote. Tafuta na vingine, maana seti ya Pope haikuwa mtutu tu: kalibu ya kusubia risasi, pampu ya kupaka mafuta, kisukumio cha kuanzishia risasi mdomoni, na fimbo ya kushindilia. Kalibu hasa hupotea kirahisi kwa sababu asiyeijua huiona kama koleo lililoharibika. Piga picha kila kitu, andika namba, funga lebo. Usisugue chochote, wala usimruhusu mpwa mwenye nia njema ajitolee kung’arisha. Rangi ya zamani ya chuma ikishaondoka hairudi, na vidole vingi vimefuta historia kwa kitambaa na mafuta.

La pili ni sheria. Katika nchi nyingi kibali cha silaha ni cha mtu, na mtu akifariki kibali hakiwi cha mjane. Hata zile zinazohesabiwa kuwa za kale hazihesabiwi kwa namna moja kila mahali: Marekani huangalia kama silaha imetengenezwa kabla ya mwaka 1899, Uingereza huangalia mambo mengine, ikiwemo kama risasi zake ni za kipimo kilichokwisha kupitwa na wakati. Kwa hiyo kabla hujaondoka na bunduki hata moja chini ya kwapa, hata kwa kusaidia tu, Mama anahitaji kuijulisha mamlaka inayohusika kwamba mwenye kibali amefariki, na kuuliza vikae wapi mirathi ikiendelea. Pengine ni kwa muuzaji mwenye leseni, pengine ni kwenye kabati hilohilo kwa muda. Hapo ndipo utamfaa Mama sana, maana pengine hajui kwamba naye anaweza kuwekwa mashakani. Na kwa kuwa wewe ni mwangalifu, najua utahakikisha kila chemba ni tupu kabla ya kupiga hizo picha.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Naomba niulize baadhi ya mambo unayoyachukulia kuwa yamekwisha kujulikana.

Unasema ni bunduki ya Pope. Inawezekana kabisa, na macho yako yamefunzwa. Lakini mhuri ni herufi za kugonga kwa nyundo, na jina lenye sifa kama hilo huwavutia wenye nyundo. Mitutu ya kipindi cha Stevens kwa kawaida huwa na majina yote mawili, Stevens na Pope. Wako una jina lake peke yake, na hilo lina maana yake kuhusu lini na wapi. Je, umehesabu mifuo? Umepitisha kipande cha madini laini ya risasi ndani ukauona mzunguko unavyokaza? Mdomo bandia umekaa sawasawa, mifuo ikifuatana bila ngazi? Na ndani ya mtutu kukoje? Baruti nyeusi isiposafishwa hula chuma, na ipo mitutu mingi yenye jina kubwa ambayo ndani yake imeliwa au imechongwa upya. Ninauliza haya kwa sababu thamani unayoihofia, ile itakayokunyang’anya bunduki, kwa sasa iko kichwani mwako, na kichwa chako kinampenda mzee aliyekuwa nayo. Mtu mwingine akiitazama anaweza kukuta zaidi. Anaweza pia kukuta pungufu.

Unasema Mama hajui. Ameishi na Mzee miaka mingi. Labda amewahi kuipanguza, labda amewahi kukasirika ilipomkosesha Mzee chakula cha jioni. Neno “kuukuu” laweza kuwa lake, laweza kuwa la mpwa, laweza kuwa la mnunuzi. Mtu anaweza asijue bei ya kitu na bado akajua vizuri kwamba mumewe alikishika tofauti na vingine. Hujamuuliza Mzee aliwahi kumwambia nini kuhusu bunduki ile. Kama ningekuwa mahali pako, hilo ndilo swali ambalo ningelitamani kuliko yote, na lingeulizwa kabla ya kutaja thamani au ahadi. Huenda neno ulilolisikia uwanjani lilisemwa pia nyumbani.

Unasema ukinyamaza utaipata. Hapo mimi sina uhakika. Mnunuzi anayetaka vyote kwa mkupuo, tena haraka, anaweza kuwa mfanyabiashara anayetafuta Anschütz za kuuza upya. Anaweza pia kuwa mtu aliyeona kitako chenye pembe mbili kwenye picha aliyotumiwa na mpwa, akaamua kutokitaja. Ukimya wako haukulindi dhidi yake. Unaweza kukaa kimya, ukaikosa, na Mama akapunjwa, vyote kwa pamoja.

Halafu kuna ahadi yenyewe. Nimeisoma sentensi ya Mzee mara nyingi. Hakusema unapewa bure. Hakusema utauziwa, wala kwa bei gani. Inaweza kuwa zawadi. Inaweza kuwa alitaka wewe uwe wa kwanza kuulizwa kabla ya wageni. Na inaweza kuwa, hili nalisema kwa uangalifu kwa sababu wewe ndiye uliyemjua, kwamba alitaka mtu anayejua mdomo bandia ni nini awepo siku kabati litakapofunguliwa. Kama ni la tatu, ahadi ile ilishaanza kutimia ulipoinama juu ya kopo. Sikuambii ni ipi. Nakuomba tu uone kwamba umeichukua maana moja, ile inayokupa haki na inayokupa aibu kwa pamoja, na kwamba zipo maana nyingine zisizokuletea aibu yoyote.

Njia zilizo mbele yako ninaziona hivi.

Unaweza kumwambia Mama kwamba hufai kumtajia bei, kwa sababu moja ya bunduki hizi unaitamani mwenyewe, kisha ukamsaidia kumpata mthamini asiye na nia ya kununua. Hili linakutoa mahali ambapo kila neno lako lina kivuli. Nimesoma barua nyingi za mirathi katika safu hii, za stempu, za saa, za ala za muziki, na chuki zilizodumu karibu zote zilianzia pale ambapo mthamini na mnunuzi walikuwa mtu mmoja. Hatari yake unaijua: ikithaminiwa vizuri, inaweza kwenda mnadani, ikanunuliwa na mtu usiyemjua, na usiione tena. Uchungu huo ni wa kweli na sitaupunguza kwa maneno. Uzuri uliopo ni kwamba mnadani itakwenda na jina lake, na viungo vyake vyote vikiwa pamoja, kama utakuwa umevikusanya.

Unaweza kumweleza ahadi. Unaogopa kuonekana umenyoosha mkono, na mke wako anaogopa hivyohivyo, na hofu hiyo ina heshima ndani yake. Lakini fikiria upande wa pili: siku Mama akilisikia neno hilo miaka ijayo, kwa bahati, wakati bunduki iko mbali, je, atakushukuru kwa kumficha kauli ya mumewe? Wajane wengi huniandikia kwamba kila neno la marehemu wanalolipokea kwa mtu mwingine ni kitu cha kuhifadhi. Hatari ya njia hii ni kwamba Mama anakupenda, na mtu anayekupenda ni rahisi kukupa kitu ambacho hawezi kumudu kukitoa. Ukimweleza ahadi kabla hajajua thamani, anaweza kukukabidhi palepale, halafu watoto wake au yule mpwa wakaja kujua bei, na nyumba ambayo ulikuwa mwana ukageuka mgeni. Mpangilio una uzito wake hapa: thamani ijulikane kwanza, kwa kinywa cha mtu mwingine, kisha ahadi, mbele ya wale wenye haki ya mirathi, na mwisho wake uandikwe.

Ukifika hapo, fedha huenda isiwe ukuta ulivyoiona. Mnaweza kukubaliana ulipe kidogo kidogo. Unaweza kuuza baadhi ya ulizonazo. Mkusanyaji anayejua kutazama hujua pia ni ipi anaweza kuishi bila yake. Mama anaweza kubaki mwenye mali, bunduki ikawa chini ya uangalizi wako kisheria, mkaamua baadaye. Kila moja ina mitego yake, na mpango usioandikwa baina ya watu wanaopendana huharibika mapema kuliko wa wageni. Wapo pia wanaofikiria makumbusho. Ni wazo zuri kama taasisi ina hamu ya kweli, ila ulizeni kwanza kama itaonyeshwa au itakaa ghalani, kwa kuwa makumbusho mengi huonyesha sehemu ndogo tu ya vilivyomo.

Na ipo njia ya rafiki yako: kuinunua kwa bei ya kuukuu. Umeniandikia kwamba hujui ungeishikaje mkononi, kwa hiyo sidhani unahitaji nikuhubirie. Nitasema tu kile ambacho rafiki yako hakukiweka kwenye hesabu. Bunduki za namna hii hujulikana. Wanaozipenda ni wachache na wanazungumza. Siku utakapoitoa kwenye kabati klabuni, mtu atauliza ilipotoka, na itakubidi uwe na jibu ambalo Mama anaweza kulisikia. Kinyume chake, nisimtendee rafiki yako isivyo haki: ana hoja pale anaposema neno la Mzee lina uzito. Lina uzito. Tatizo ni kwamba amelitumia kuamua bei, na Mzee hakutaja bei.

Mke wako naye nimemwelewa. Anakulinda na macho ya watu. Lakini kati ya kuomba na kueleza kuna nafasi kubwa. Unaweza kumweleza Mama kile mumewe alisema, ukamwambia hapohapo kwamba huji kudai, na kwamba atakachoamua yeye na watoto wake utakipokea. Ni wewe tu unayejua kama unaweza kulisema hilo ukiwa unalimaanisha. Kama bado huwezi, subiri kidogo, kwa sababu Mama anakujua na atalisikia.

Kuhusu bunduki nyingine usizisahau kwa sababu ya hii moja. Kama kuna Winchester 52 isiyo na herufi, kama kuna BSA ambayo bado ina vilengeo vyake, Mama anastahili kuambiwa haya, na hapo huna mgongano wowote wa nia. Anza nazo. Itamwonyesha, na itakuonyesha na wewe, kwamba unaweza kumtumikia kwa ujuzi aliokuachia mumewe. Wala usiidharau Anschütz aliyoiweka mbele. Ni bunduki njema, na pengine ndiyo itakayopata mnunuzi kwa urahisi zaidi.

Bado kuna ule mwisho wa mwezi. Tarehe hiyo imewekwa na mnunuzi kwa faida yake. Mama anaweza kumwambia, kwa adabu, kwamba vitu vya marehemu haviuzwi kabla mirathi na vibali havijashughulikiwa, na hilo ni kweli, kwa hiyo halitamgharimu chochote kulisema. Kama ana hamu ya dhati, atarudi. Mpwa naye aambiwe hivyohivyo, na ikiwezekana awepo siku utakapokwenda mchana na taa yako, pamoja na mmoja wa watoto, ili orodha mtakayoiandika iwe na sahihi za zaidi ya mtu mmoja. Nenda na daftari la kuandikia namba, na umpigie Mama simu mapema, asikae akidhani umemsahau.